Mjane wa Dijon: Wito Ubishapo Hodi Katikati ya Maisha





Kila mwaka, katika Dominika ya Nne ya Pasaka, Kanisa huombea miito. Desturi hiyo ilianza mwaka 1964 kwa agizo la Papa Paulo VI. Siku hiyo makanisani mwetu husimamishwa vijana: wavulana wa seminari ndogo, wasichana wanaofikiria utawa, na wazazi wao hupigiwa makofi. Ni jambo jema nasi twalipenda. Lakini katika benchi la nne ameketi mama wa miaka 45 ambaye hakuna anayegeuka kumtazama. Amelea, amesomesha, pengine amezika mume. Naye aisikia sala ile ile, na moyoni mwake lipo swali lisilothubutu kufika mdomoni. Wamama wa namna hiyo hutujia ofisini mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na karibu wote huanza kwa kuomba radhi: “Baba Paroko, utanicheka.”

Hatucheki. Juma hili tumeona vema tuwasimulie historia, kwa kuwa wengi hudhani ya kwamba wito ni kama basi la alfajiri: ukichelewa kituoni, limekwenda. Historia ya Kanisa haisemi hivyo.

Tangu mwanzo haikusema hivyo. Mwinjili Luka amtaja Hana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwatangazia wengine habari za Mtoto Yesu hekaluni. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo twakuta orodha rasmi ya wajane waliohudumia Kanisa, na sharti la kuandikwa humo ni la kushangaza kwa masikio ya leo: mama awe ametimiza miaka 60, awe amelea watoto, amekaribisha wageni, amesaidia wenye taabu. Yaani maisha ya nyumbani yalihesabiwa kuwa maandalizi ya huduma. Hakuna aliyeyaona kuwa muda uliopotea. Baadaye ujane wa namna hiyo ulififia, monasteri zikachukua nafasi yake, na fikra ya kwamba mtawa ni msichana aliyeingia akiwa kigoli ikazoeleka kiasi cha kuonekana kana kwamba ndiyo sheria.

Mtu tunayetaka kumsimulia leo ni Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal. Tulipokuwa seminarini, somo la historia ya Kanisa lilimpa Mtakatifu Fransisko wa Sales kipindi kizima, naye Yoana akapewa sentensi moja. Hiyo si haki, nanyi mtaona kwa nini.

Jeanne-Françoise Frémyot alizaliwa Dijon, Ufaransa, mwaka 1572. Baba yake alikuwa mmoja wa marais wa mahakama kuu ya jimbo la Burgundy. Mama yake alifariki binti akiwa bado mchanga. Mwaka 1592, akiwa na miaka 20, aliolewa na Christophe de Rabutin, baroni wa Chantal. Ilikuwa ndoa ya upendo. Yoana alikuta mali ya mumewe imejaa madeni, akashika vitabu vya hesabu, akaamka kabla ya watumishi, akaisimamisha nyumba. Walijaliwa watoto sita. Wawili walifariki mara baada ya kuzaliwa, wakabaki wanne, mvulana mmoja na mabinti watatu.

Mwaka 1601, mtoto wa mwisho akiwa bado kichanga, baroni alikwenda kuwinda na rafiki yake. Bunduki ya rafiki ikamjeruhi kwa bahati mbaya. Aliishi siku tisa, akamsamehe aliyempiga, akafa. Yoana alikuwa hajatimiza miaka 30. Yeye kusamehe hakukumjia upesi kama kulivyomjia mumewe. Ilimchukua miaka. Hata kukutana na mtu yule njiani kulimtia tetemeko, na ilikuwa baadaye sana alipokubali kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wake. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, maana wapo wanaodhani kwamba anayeitwa na Mungu lazima awe kwanza amemaliza kupona.

Kisha ikaja taabu ambayo wajane wengi wa kwetu wataitambua bila kuelezwa. Baba mkwe, mzee mkali, alimwambia ahamie kwake Monthelon pamoja na watoto, la sivyo atawanyima urithi. Akahamia. Katika nyumba ile alitawala mtumishi wa kike aliyekuwa na sauti kuliko mke wa mwana wa nyumba. Yoana aliishi humo karibu miaka saba, hana funguo, hana amri, akiwafundisha watoto wake, na watoto wa mtumishi huyo pia, kusoma na kusali. Ndani ya miaka hiyo hamu ya kujitoa kwa Mungu ilikua ndani yake, naye hakujua aifanye nini. Alimpata kiongozi wa kiroho aliyemfunga kwa nadhiri nne: amtii yeye, asimbadilishe kamwe, asimwambie mtu aliyosikia kwake, wala asizungumze habari za roho yake na mwingine yeyote. (Ndugu zetu mapadre wanaosoma ukurasa huu watafakari hapo kidogo.)

Kwaresima ya mwaka 1604 alikuja Dijon kuhubiri Askofu wa Geneva, Fransisko wa Sales, askofu asiyeweza kuishi Geneva kwa kuwa mji ulishikwa na wafuasi wa Calvin, hivyo makao yake yalikuwa Annecy. Alikuwa na miaka 36, Yoana 32. Agosti ya mwaka ule walikutana Saint-Claude, na askofu akazivunja zile nadhiri nne, akisema kwamba hazikufaa kitu ila kuharibu amani ya dhamiri. Tangu hapo akamwongoza kwa barua. Ndiyo kazi aliyoijua vizuri. Kitabu chake juu ya maisha ya ibada, kilichotoka mwaka 1609, kilizaliwa na barua za namna hiyo alizomwandikia mwanamke mwingine aliyeolewa.

Watumishi wa Monthelon walikuwa na usemi juu ya mabadiliko hayo. Walisema kiongozi wa kwanza alimfanya bibi asali mara tatu kwa siku na nyumba nzima ikachoka. Huyu wa pili amemfanya asali saa zote na hakuna anayesumbuka. Hatujui kipimo kizuri kuliko hicho cha kupima kama hamu ya mama kumtumikia Mungu ni ya kweli. Wanaoishi naye chini ya dari moja ndio mashahidi wa kwanza.

Yoana alitaka kuingia monasteri mara moja. Fransisko alimzuia. Watoto walikuwa wadogo, baba mzazi alizeeka, na mambo ya mirathi hayajatengenea. Alingoja miaka mitatu kabla ya kuambiwa lolote. Katika sikukuu ya Pentekoste mwaka 1607 askofu alimpima kwanza: je, angekubali kuwa Mklara? Akakubali. Kuwa mhudumu wa hospitali? Akakubali. Kuwa Mkarmeli? Akakubali hilo pia. Hapo ndipo alipomfunulia wazo lake mwenyewe: shirika jipya kwa ajili ya wanawake ambao mashirika ya siku zile hayakuwataka, yaani wajane, wenye afya dhaifu, waliokwisha kupita ujana, wasioweza mifungo mikali wala kuamka usiku wa manane, lakini waweza kupenda. Akangoja tena miaka mitatu.

Katika kungoja huko lipo jambo tusilolisifu. Binti yake mkubwa, Marie-Aimée, aliozwa mwaka 1609 kwa ndugu wa Askofu Fransisko akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Ndivyo walivyofanya watu wa tabaka lao katika karne ile, na ndoa hiyo ilisaidia kumfungulia mama njia ya kwenda Annecy. Leo Kanisa lisingeibariki, na twaona vema tulitamke wazi kuliko kulipita kimya kwa sababu wahusika ni watakatifu. Mwanzoni mwa mwaka 1610 binti mdogo, Charlotte, akafariki. Wa kati, Françoise, mama alikwenda naye. Akabaki mvulana, Celse-Bénigne, wa kama miaka 14, aliyekuwa akisomeshwa kwa babu yake Dijon.

Tarehe 29 Machi 1610 Yoana aliagana na jamaa zake. Kijana yule alimsihi asiende, na alipoona maneno hayafai kitu akajilaza kizingitini, ili mama akitaka kuondoka amkanyage mwanawe. Yoana alisimama, akalia. Mwalimu wa kijana, aliyekuwapo, akamwuliza kama machozi ya mtoto yatamvunja azma yake. Akajibu kwamba hayatamvunja, lakini yeye ni mama. Kisha akapita juu yake.

Tukio hili limewakera watu kwa karne nne, na wanaokereka hawana neno baya. Wapo wahubiri wanaolisimulia kana kwamba ni ushindi mtupu, mama mtakatifu akiukanyaga mwili na damu. Sisi hatulisomi hivyo. Kijana hakutupwa barabarani: alikuwa na babu aliyempenda, mwalimu, mali iliyotunzwa na huyo huyo mama, na umri ambao wavulana wa tabaka lake tayari walikwisha kuondoka nyumbani kwa masomo. Yoana alirudi Burgundy zaidi ya mara moja, hata baada ya kuvaa shela ya utawa, ili kupanga masomo na mali za wanawe. Alimhangaikia Celse-Bénigne miaka yote, maana alikua mpenda mapambano ya upanga, mpaka alipouawa vitani katika kisiwa cha Ré mwaka 1627. Hata hivyo, kizingiti kile hakifutiki kwa maelezo. Mama aliumia na mtoto aliumia. Anayedhani kwamba wito wa katikati ya maisha hauna gharama kwa wengine hajasoma habari hizi, na anayesema kwamba kwa kuwa una gharama basi hautoki kwa Mungu, naye hajazisoma.

Jioni ya tarehe 6 Juni 1610, Dominika ya Utatu Mtakatifu, Yoana na wenzake wawili waliingia katika nyumba ndogo mjini Annecy, pamoja na Anne-Jacqueline Coste, mwanamke aliyekuwa mtumishi. Yoana alikuwa na miaka 38. Shirika likaitwa la Bikira Maria Kumtembelea Elizabeti, nalo jina lilieleza kazi: tangu Januari 1612 masista walitoka wawili wawili kwenda kuwaosha na kuwalisha wagonjwa wa mji nyumbani mwao.

Mwaka 1615 walialikwa Lyon. Askofu Mkuu wa huko, Denis-Simon de Marquemont, akashikilia kwamba wanawake wenye nadhiri sharti wakae ndani ya ugo, wasitoke. Hakubuni hilo kutoka kichwani mwake. Mtaguso wa Trento ulikwisha kuagiza mwaka 1563, na Papa Pius V akalikazia mwaka 1566. Fransisko alibishana kwa upole, kisha akakubali, na mwaka 1618 shirika likawa utawa wa ndani. Waandishi wengine husema alikubali kwa furaha. Sisi twaona ilikuwa hasara. Shirika lililopewa jina la mama aliyefunga safari kupita milimani kwenda kumhudumia ndugu yake likafungiwa mlango. Lakini kitu kimoja Yoana na Fransisko hawakukubali kukipoteza: wajane, wagonjwa na waliopita ujana waliendelea kupokewa. Na Mungu aweza kuandika hata mahali ambapo sisi tumefunga kitabu, kwa maana ni ndani ya ugo wa shirika hilo hilo, huko Paray-le-Monial, ambamo kati ya mwaka 1673 na 1675 Sista Margareta Maria Alakoki alipata njozi za Moyo Mtakatifu wa Yesu. Enyi mnaokuja Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ibada yenu ilipita katika nyumba iliyoanzishwa na mjane mwenye watoto.

Ule mlango uliofungwa Lyon ulifunguliwa Paris na mwanamke mwingine wa umri uo huo. Padre Vinsenti wa Paulo ndiye aliyekabidhiwa kusimamia nyumba za shirika la Yoana mjini Paris, hivyo aliyafahamu vema yaliyompata Fransisko. Miongoni mwa watu aliowaongoza alikuwapo Luisa wa Marillac, aliyezaliwa mwaka 1591, asiyemjua mama yake, aliyeolewa mwaka 1613 na katibu wa malkia, Antoine Le Gras. Mume aliugua kwa muda mrefu, akawa mwenye hasira. Luisa aliteseka moyoni akijiuliza kama alikosea kuolewa, na kama imempasa kumwacha mume ili ajitoe kwa Mungu.

Katika Pentekoste ya mwaka 1623, akiwa katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi huko Paris, alipata mwanga ambao aliuandika kwenye karatasi na kuutunza. Alielewa mambo mawili. La kwanza: abaki na mumewe. La pili: utakuja wakati atakapoishi na wenzake katika jumuiya ya kuwahudumia watu, jumuiya ya watu wanaotoka na kuingia, jambo ambalo hakuelewa laweza kuwa vipi, kwa kuwa watawa wa kike hawakutoka. Alimwuguza mumewe mpaka alipofariki mwaka 1625. Akamlea mwanawe Michel, aliyemtia wasiwasi kwa miaka mingi. Mwaka 1629 Vinsenti akamtuma kuvitembelea vyama vya mapendo vya parokia za vijijini, kukagua hesabu, kufundisha watoto. Na tarehe 29 Novemba 1633, akiwa na miaka 42, aliwakusanya nyumbani kwake mabinti wachache wa mashambani, wanaofuata nyayo za Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma kwa kuwauliza wapita njia herufi moja moja, na ambaye alifariki mwaka ule ule kwa tauni baada ya kumlaza mgonjwa kitandani mwake. Ndio mwanzo wa Mabinti wa Upendo. Vinsenti, aliyejua yaliyotokea Lyon, aliwakataza wasiitwe watawa. Nadhiri zao zikawa za mwaka mmoja mmoja, sala yao kanisani parokiani, na njia zao mitaa ya mji. Ugo haukuwapata.

Tazameni, wapendwa, jinsi mambo yalivyofuatana katika maisha ya Luisa. Mwanga wa mwaka 1623 haukumpa ruhusa ya kuikimbia ndoa ngumu. Ulimrudisha jikoni na kando ya kitanda cha mgonjwa kwa muda, na miaka kumi baadaye ukamtoa nje. Kazi ile ile ya kuuguza aliyoifanya kwa ajili ya mume mmoja ndiyo aliyowafundisha mabinti kwa ajili ya maskini wote wa Paris. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimtangaza kuwa msimamizi wa watu wa huduma za jamii.

Sasa tuseme kidogo mintarafu sheria, kwa kuwa wengi hudanganywa na maneno ya barazani. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 643, wataja mambo yanayobatilisha kuingia unovisi: kuwa chini ya miaka 17, kuwa na mume au mke wakati ndoa ingalipo, na mengine machache. Umri wa juu haukutajwa. Ni mashirika yenyewe yanayojiwekea mipaka katika katiba zao, nayo yana sababu zake. Hivyo mama akiambiwa na shirika fulani kwamba amepita umri, amejibiwa na shirika hilo. Kanisa zima halijasema. Wenye waume wasitafute njia ya utawa, kwani tayari wana nadhiri, ila utawa wa tatu wa Mtakatifu Fransisko uko wazi kwao. Kwa wajane, Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1996 katika waraka wake juu ya maisha ya wakfu akifurahi kwamba desturi ya kale ya kuwaweka wakfu imeanza kurudi. Kwa wasioolewa, upo wakfu wa mabikira waishio ulimwenguni, uliorudishwa mwaka 1970, ambao askofu huutoa kwa mwanamke anayeendelea na kazi yake na nyumba yake. Na mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na uakolita, kisha akaianzisha rasmi huduma ya katekista kwa walei wote.

Tukitazama karibu zaidi, WAWATA walitimiza miaka 50 mwaka 2022, na tukihesabu viongozi wa jumuiya ndogondogo tutakuta wanawake waliopita miaka 40 ndio wengi katika vigango tunavyovifahamu. Mara nyingi tunachowapa ni sufuria na mifagio. Hatudharau sufuria, mgeni lazima ale. Ila mama aliyesimamia ada za watoto watano kwa mshahara mmoja ana akili ambayo kamati ya fedha ya parokia ingeihitaji, na mama aliyeuguza mgonjwa miaka sita ajua kukaa kimya kando ya kitanda kuliko wengi wetu tuliosomea.

Kwa wale wanaotujia ofisini, desturi yetu ni kuwauliza maswali ya Fransisko wa Sales. Ni nani anayekutegemea kwa chakula na karo? Nyumbani kwako wanaionaje sala yako? Unaweza kungoja miaka mitatu? Wapo wanaochukia swali hilo la mwisho. Yoana alilijibu mara mbili.

Miaka yake 31 ya utawa haikuwa myepesi. Alimzika Fransisko mwaka 1622, akawazika watoto wake isipokuwa Françoise, na kwa muda mrefu alisumbuliwa na giza na vishawishi dhidi ya imani yenyewe, jambo lililojulikana na Vinsenti wa Paulo aliyekuwa akimshauri. Alipofariki, nyumba za shirika zilikuwa zaidi ya 80. Kifo kilimkuta safarini, katika monasteri ya Moulins, tarehe 13 Desemba 1641, akiwa na miaka 69, na mwili wake ukarudishwa Annecy. Katika nyumba hiyo ya Moulins alikuwapo mjane mwingine, Marie-Félicie des Ursins, ambaye mumewe, Henri wa Montmorency, alikatwa kichwa Toulouse mwaka 1632 kwa kumwasi mfalme. Alikuwa na miaka 40 hivi. Alibaki humo, akaweka nadhiri, na baadaye masista wakamchagua kuwa mama mkubwa wao.